Njaa ya Makusudi

Mama Kware alikuwa akisifiwa kupita kiasi, na sifa zile zilikuwa zikiniudhi mimi kuliko zilivyomfurahisha yeye. Kila aliyepita nyuma ya jengo letu, penye banda la ndege, alimkuta anafagia, anabeba, anasugua, au yuko juu ya ngazi anaziba tundu la wavu. Basi mpita njia husimama na kusema, "Mama, wewe ni chuma," kisha huyo, anaenda zake ofisini kunywa chai. Chuma! Chuma nacho huliwa na kutu, lakini ungewaambia hivyo wangesema Mbu ana gubu.

Mbu ndiye mimi. Jina hilo alinipa yeye mwenyewe siku yangu ya kwanza kazini, aliponikuta nimemkunjua kware bawa huku nimeshika sindano. "Karibu, Mbu," aliniambia. "Ila ujue hawa ni wanangu. Nyonya kiasi." Mimi ni fundi wa maabara katika taasisi ya utafiti wa ndege wafugwao. Natoa damu kidogo kwenye mshipa wa bawa, naizungusha kwenye mashine mpaka maji yake yajitenge juu, halafu napima kilichomo. Yeye kazi yake ilikuwa kuwalisha kware wote, kuwanywesha, kuwasafishia vizimba na kuwapima uzito. Kwa umri angeweza kunizaa kama angewahi kidogo, lakini mimi nilimwita dada, yeye akaniita mdogo wangu, na hakuna aliyelalamika.

Kwa nilivyosimuliwa, hakuajiriwa kulisha ndege. Alikuja pale kufagia korido. Mlishaji wa wakati huo alikuwa bingwa wa kuaga mapema. Ikifika Ijumaa mchana humwoni hata kwa tochi. Ijumaa moja mfagiaji wetu akasikia kware wanagongagonga vikombe vitupu kwa midomo. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alifungua stoo, akawajazia, akarudi kwenye ufagio wake. Jumatatu mlishaji akaenda kumshtaki kwamba amegusa kazi isiyo yake. Mkuu wa kitengo akamsikiliza huyu, akamsikiliza na yule, kisha akasema kwa kuwa kila mmoja anaonekana kuipenda kazi ya mwenzake, wabadilishane. Mlishaji akakabidhiwa ufagio palepale, na mama yule akapata ndege na jina.

Alikuwa na kipaji cha mkono. Ukitaka kumjua ndege hali yake, mzani unakuambia uzito tu. Habari zaidi ziko kifuani. Unamshika kwenye kiganja, unapitisha kidole gumba kando ya mfupa wa katikati. Aliyeshiba, mfupa ule umezama kwenye nyama, huupati mpaka uutafute. Aliyekonda, mfupa unasimama kama ukingo wa kisu na pande zote mbili pamebonyea. Mimi nilifundishwa hilo chuoni, lakini sikulielewa mpaka yeye aliponishika kidole na kukipitisha mwenyewe.

Sasa nyumbani kwake. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa marefu mpaka goti lilipomgomea, akawa mtu wa kukaa kibarazani na kuwaelekeza madereva wengine kwa sauti, ambao bila shaka hawakumsikia. Binti yao mkubwa alirudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Alikuwa akitoka kila asubuhi kutafuta kazi na kurudi na miguu iliyovimba. Watu wazuri wote, sina neno nao. Lakini vinywa viliongezeka na sufuria ikabaki ileile.

Anayepakua alikuwa Mama Kware. Nilienda kwao Jumapili moja kumjulia hali mzee na goti lake, nikaona kwa macho yangu. Alimpakulia mume, akawapakulia wajukuu, akampakulia binti, akanipakulia mimi mgeni mlima mzima, kisha akabaki jikoni. Nilipopeleka sahani nilimkuta amesimama, anakwangua ukoko kwa kijiko na kuula akiwa ameupa mlango mgongo. Nilimuuliza mbona hakai na wenzake. Akaniambia ameshakula kazini. Mtu ambaye kila siku saa nne, nikimkaribisha mkate wangu kazini, ananiambia ameshakula nyumbani! Shibe mbili, na zote za uongo.

Nilimsema, na mimi nikisema sinong'oni. "Dada, wewe unakula wapi?"

"Mpishi hushiba kwa harufu, mdogo wangu."

"Harufu haina mafuta."

"Ndiyo maana sinenepi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kubishana naye. Unakuja na hasira zako, anazifunga kwa kicheko, unaondoka umesahau ulichofuata. Sketi yake ilikuwa inashikiliwa na kamba aliyoitoa kwenye gunia la chakula cha ndege. Na kadiri alivyopungua ndivyo alivyozidi kuchapa kazi, ndivyo walivyozidi kumwita chuma. Mimi nilikuwa naogopa jambo moja tu, na nililisema waziwazi kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikia: mama huyu ataanguka siku moja katikati ya banda, halafu wote watashika mdomo wakiulizana imekuwaje. Waliniambia nina roho ya kunguru.

Hapo ndipo alipokuja Dokta na njaa yake ya makusudi.

Dokta ni kijana mrefu, mpole, anayeomba radhi hata akikigonga kiti. Alikuwa ameruhusiwa kufanya utafiti juu ya ndege wanaokosa chakula, akaja bandani kutueleza mimi na Mama Kware mpango wake. Nusu ya kware watakula kama kawaida. Nusu nyingine watapata maji tu kwa siku kadhaa, katika chumba cha peke yao, kisha mimi nitapima damu za wote.

Mama Kware alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Unataka niwanyime kwa kusudi?"

"Naomba radhi, mama. Niruhusu nieleze." Akavuta pumzi. "Mwili ukichoma chakula unatoa cheche, kama jiko. Cheche chache hazina neno. Zikizidi zinaunguza nyumba. Sasa kwenye damu na kwenye ini kuna vitu vinavyozima cheche hizo, vinaitwa antioksidanti. Vingine ndege anavipata kwenye chakula, kama ile njano ya mahindi, na vitamini. Vingine mwili unajitengenezea. Nataka kujua akikosa chakula kinga hiyo inakuwaje."

"Mwanangu, akikosa chakula anakuwa na njaa. Hilo hata mimi nakujibu, tena bila sindano."

Tulicheka, naye Dokta akacheka mpaka miwani ikamshuka. Lakini hakurudi nyuma. Alisema kuna ndege wa porini wanaosafiri mbali bila kula, kuna wanaolalia mayai bila kuondoka, na kuna wafugaji wanaokata chakula ili kuku wazee wapukutishe manyoya na kutaga upya. Wote hao wanalipa kitu ndani ya mwili, na hakuna anayewauliza wanalipa nini. Hapo nilimwona Mama Kware analegea. Mtu akimwambia kuna kiumbe kinaumia na hakiulizwi, yeye hawezi tena kukataa.

"Basi ufunguo nitashika mimi," alisema. "Lakini nakuambia mapema, mbele ya Mbu. Ndege asife hapa kwa njaa huku mimi ndiye niliyefunga mlango. Akifa hata mmoja, sitarudi bandani."

Dokta alikubali bila kusita. Sheria ya utafiti yenyewe ilisema hivyo: kila ndege amewekewa mstari wa uzito, akiufikia anatolewa na kulishwa papo hapo. "Na mama ukiona dalili kabla ya mzani, niite saa yoyote."

Chumba cha njaa kilikuwa na adabu zake. Mlangoni Mama Kware alivua aproni, akakung'uta mifuko na kujipangusa viganja, maana punje moja iliyonasa kwenye mshono ingetosha kuharibu kazi ya Dokta. Trei za kinyesi alizibadilisha mara kwa mara ili ndege wasichokonoe humo. Asubuhi ya kwanza alisahau akaingia anaimba ule wimbo wake usio na maneno, ambao ndio alikuwa akiwaimbia wakati wa kula. Kware wote wakaruka, wakajibamiza kwenye wavu, midomo nje, macho kwake. Alitoka akiwa analia kweli, si kwa kujificha. Tangu hapo aliingia kimya, miguu peku.

Nilidhani basi angalau atajihurumia mwenyewe kidogo. Thubutu! Siku hizo ndizo alizofanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alifua magunia, alipaka chokaa ukuta wa nje, alipanda juu ya paa la banda kukaza misumari. Midomo ilikuwa imemkauka na kupasuka pembeni. Nilimletea viazi na maharage kwenye bakuli, nikamwekea mbele.

"Kula."

"Nile, na wale hawajala?"

"Wale hawakuoni, dada. Wamefungiwa."

"Watanisikia nikitafuna."

"Basi twende ukale maabara kwangu."

"Kwenye damu? Hapana, asante." Akafunika bakuli, akalifunga kwa kitambaa, nami nikajua wajukuu ndio watakaolifungua. Nilikasirika nikaenda zangu nikiwa nimebamiza mlango, na nilipogeuka dirishani nilimwona amebeba ndoo mbili kwa mpigo.

Kware wenyewe walianza kubadilika. Wengi walijikunyata pembeni, manyoya yamefura, shingo imeingia ndani, hawasogei ila kwa kunywa. Hao ndio waliomkosesha Mama Kware raha. Kila asubuhi alimtoa mmoja mmoja, akampapasa kifua, akampima, akamrudisha taratibu kama mtu anayerudisha yai. Wawili walipokaribia mstari alimwita Dokta, wakatolewa na kupewa chakula.

Mmoja tu ndiye aliyemfurahisha. Katika kizimba cha mwisho kulikuwa na dume kubwa, pana la mgongo. Siku za kwanza naye alijikunyata kama wenzake, kisha asubuhi moja akasimama na kuanza kutembea. Anakwenda mpaka mwisho wa wavu, anageuka, anarudi, kichwa juu, jicho kali. Kanuni ilikataza kuwapa ndege majina, lakini kanuni hiyo ilitungwa na watu wasiolisha. Mama Kware akamwita Askari.

"Njoo umwone, Mbu! Wenzake wote wamenyong'onyea, yeye anapiga doria. Hana habari na njaa huyu."

Tangu alipoanza kutembea, Askari hakupapaswa kifua. Mama Kware alikuwa na sababu yake, na ilikuwa ya huruma: ndege mwenye nguvu akishikwa hupigana, na kupigana ni kupoteza nguvu, sasa kwa nini umchoshe mzima ili kuthibitisha kwamba ni mzima? Alimtumbukiza kwenye mfuko wa kitambaa, akauweka mzanini, akaona bado yuko mbali na mstari, akamrudisha. Kidole chake alikitunza kwa wanyonge. Na hakuna aliyembishia, maana sote tulikuwa na macho na sote tulimwona Askari akitembea.

Siku ya damu ikafika. Nilitoa kwa kila ndege matone niliyoruhusiwa, nikawasha mashine, nikasubiri. Maji ya damu za walioshiba yalitoka ya njano nzuri, njano ya mahindi. Ya wenye njaa yalikuwa yamepauka. Nilipopima nguvu ya kuzima zile cheche, majibu yakafuata rangi: walioshiba juu, wenye njaa chini. Isipokuwa mmoja. Mwenye njaa mmoja alikuwa amewapita hata walioshiba. Nilirudia kipimo nikidhani nimechanganya vichupa. Jibu likawa lilelile, kizimba cha mwisho.

Mama Kware alikuwa ameingia na chupa za maji za kuosha. "Nani kaongoza?"

"Hutaamini. Askari."

Aliweka chupa chini akapiga makofi. "Nilisema! Si nilisema?" Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaninyooshea kidole. "Unaona sasa, Mbu? Kila siku unanipigia kelele, kula, kula, kula. Kuna wengine Mungu katuumba na akiba ndani. Wewe umepima mwenyewe, kwa mkono wako."

Niliangalia ile namba na nikaiona kama shahidi aliyeitwa na upande wangu kisha akatetea upande wa pili. Nilijua kwamba kuanzia siku hiyo, nikimwekea bakuli mbele, atanitajia Askari.

Dokta alifika muda si mrefu, begi begani, akaomba kuona majibu. Alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafika kwenye jibu la Askari, akasimama. Hakutabasamu.

"Huyu leo yukoje?" aliuliza. "Ametulia?"

"Atulie wapi!" alisema Mama Kware. "Tangu jana anatembea tu. Ndiye mzima kuliko wote."

Dokta alivua begi akaliacha lianguke. "Dada Mbu, naomba upime asidi ya yuriki peke yake. Ya huyu tu. Tafadhali, haraka." Nilipima. Ilikuwa imepanda mara nyingi kuliko ya ndege mwingine yeyote. Aliposikia, kijana yule mpole alitoka mbio bila kuomba radhi kwa mtu, nasi tukamfuata.

"Mtoe, mama. Mtoe sasa hivi, alishwe."

"Huyu? Nina wanyonge kibao mle ndani, nimtoe huyu?"

"Wale bado wana muda. Huyu hana."

Mama Kware alifungua kizimba akamshika Askari. Ndege akapigana kidogo, kisha akaacha. Nilimwona anapitisha kidole gumba kifuani, mara moja, mara ya pili, taratibu zaidi, kana kwamba kidole kimemdanganya. Alinipa mimi nishike. Mfupa ulikuwa umesimama mtupu na pande zote mbili hapakuwa na kitu.

Dokta alieleza huku analowanisha chakula kwenye kibakuli. Alieleza kwa upole, bila kumlaumu yeyote, na akakiri kwamba mstari wa uzito ungemchelewea ndege huyu kwa sababu alianza akiwa na nyama nyingi na mafuta machache. "Ndege akikosa chakula, mama, anaanza na kilichomo tumboni. Kikiisha, anakula mafuta yake. Hapo anatulia, anajikunyata, anabana matumizi. Wale unaowaona wanyonge wako hapo. Mafuta nayo yakiisha, anakula nyama yake mwenyewe. Na nyama ikichomwa inaacha asidi ya yuriki, ile chokaa nyeupe unayoisugua kwenye trei. Ikiwa ndani ya damu, asidi hiyo nayo inazima cheche."

"Kwa hiyo kinga anayo," alisema Mama Kware. "Mbu kaipima."

"Anayo. Anaitengeneza kwa kifua chake."

"Na kutembea kote kule?"

"Mwili umeona hatari. Unamsukuma ainuke akatafute chakula wakati bado ana miguu. Akiacha kutembea, amechelewa."

Tulimlisha Askari kwa bomba dogo, tone kwa tone, maana tumbo lililokaa tupu ukilijaza kwa pupa unaliua. Mwanzoni chakula kilimtoka pembeni mwa mdomo. Mama Kware alimfutia, akamkandakanda koo kwa kidole, akamwimbia ule wimbo, na ghafla ndege akameza. Tulisikia sote watatu. Dokta akasema imetosha, alichokuwa anakitafuta amekipata, wenye njaa wote warudishiwe chakula, kidogo kidogo. Hakufa hata mmoja. Nasema hili mapema kwa sababu najua msomaji naye ana roho.

Dokta alipoinuka kwenda kuandika, Mama Kware alimzuia kwa swali. "Na watu je, mwanangu?"

Kijana alishikashika miwani. "Mimi ni wa ndege, mama. Watu sijawahi kuwapima." Akafikiri, kwa sababu ni mkweli. "Lakini mtu naye akimaliza mafuta yake hula nyama yake. Hilo linajulikana." Akaondoka, nadhani bila kujua amesema nini na amemwambia nani.

Tulibaki wawili, na Askari kwenye boksi lenye taa ya joto. Mama Kware alienda akasukuma komeo la mlango. Akafungua vifungo viwili vya juu vya blauzi yake ya kazi, akaushika mkono wangu, akauweka chini ya shingo, pale kifua kinapoanzia.

"Nishike kama tunavyowashika," alisema. "Usinionee haya."

Nilipitisha kidole gumba. Sitaki kupamba. Nimeshika ndege wengi katika maisha yangu na nilichokigusa nilikifahamu mara moja. Mifupa ilikuwa imejitokeza yote, mmoja baada ya mwingine, na ngozi imelala juu yake bila kitu katikati. Nilitamani kulia na nilitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

"Dada, umekwisha," nilimwambia.

Alifunga vifungo vyake polepole. "Na mimi nilidhani ni nguvu," alisema. "Mbu, Mungu ananiona, nilidhani ni nguvu. Naamka, siwezi kutulia, nasema afadhali, bado nipo. Nikipanda paa nasema, ona, bado nipo."

Nilimkalisha juu ya gunia la chakula, nikamchovyea mkate kwenye chai yangu nikampa vipande vidogo vidogo. Safari hii hakuvifungia mtu. Kisha nikamwambia kesho asubuhi ni zahanati, na leo naenda naye nyumbani kwake, na asinijibu kwa utani maana nitampiga. Hakunijibu kwa utani.

Tulifika jua bado lipo. Mzee alikuwa kibarazani na goti lake, akatukaribisha kwa furaha. Binti alikuwa amerudi na alikuwa anainua sufuria kuitoa jikoni, wajukuu wameshakaa mkekani na sahani zao. Mama Kware aliingia na kwa mazoea mkono ukaenda kwenye mwiko. Akaushika. Halafu akasimama nao vile, hapakui, mpaka wote wakamtazama.

"Nina njaa," alisema.

Mzee alicheka. "Sasa si chakula hicho hapo? Pakua tule."

"Baba watoto, sisemi ya leo. Nina njaa tangu watoto waje. Kazini sili. Hapa nakwangua sufuria. Mbu kanishika, hakuna kilichobaki."

Wakasubiri aseme alikuwa anatania. Binti ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa hasira, kwa sababu alikuwa ameogopa. "Mama, njaa gani? Si juzi tu umefua mapazia yote peke yako?"

"Na jana ulipanda paa la kazini," alisema mzee. "Ulinisimulia mwenyewe. Mtu mwenye njaa anapanda paa?"

"Ndiyo," alisema Mama Kware. "Ndiyo maana nimekuja kuwaambia."

Mzee aliangalia ile kamba ya gunia kiunoni mwa mkewe, akaiangalia kwa muda mrefu, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaiona. Akainama kulishika goti lake, ingawa nadhani safari hiyo halikuwa goti linalouma. Binti akaja taratibu, akamtoa mama yake mwiko mkononi, akamkalisha mkekani kwa kumshika mabega, na hapo mikono yake ikahisi nilichohisi mimi, maana uso ulimbadilika. Akachukua sahani, akapakua. Alipakua kidogo, kwa mkono uliozoea kuona kwamba sufuria ile ni ya wengi, akamwekea mama yake mbele kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mama Kware aliiangalia sahani. Mjukuu mdogo alikuwa anachungulia sufuria, kupima kilichobaki. Bibi yake alimwona anavyochungulia, nami nilimwona anamwona, nikajua ndio basi, ataisukuma sahani kwa mtoto.

Aliinua sahani akamrudishia binti yake.

"Ongeza," alisema.